Jina la Nchi katika Katuni: Tanzania ya The Simpsons na Tanzania ya Katavi

Mhadhara huu unachunguza namna dola halisi inavyosawiriwa katika katuni ya kuchekesha ya televisheni. Swali lake ni moja: kichekesho kinapoigusa nchi, humwacha nani nje?

Tarehe 1 Aprili 2001 televisheni ya Marekani ilionyesha "Simpson Safari", kipindi cha The Simpsons ambamo familia hiyo inazuru Tanzania. Kabla ndege haijatua, abiria wanatangaziwa kwamba nchi sasa inaitwa Zanzibar Mpya; punde jina hilo nalo linatanguliwa na jina la Pepsi. Anayewaongoza watalii ni Kitenge, na rais ni Muntu. Hatimaye Muntu anapinduliwa na Kitenge anashika nafasi yake. Yumo pia mtafiti anayewatumikisha sokwe kuchimba almasi.

Kiisimu, majina hayo yanajieleza. Kitenge ni kitambaa. Muntu ni "mtu" katika lugha kadhaa za Kibantu, ila si Kiswahili sanifu. Rais huyo, basi, ni mtu yeyote wa popote. Kihistoria, jina Tanzania limedumu tangu Oktoba 1964, na hadi mwaka 2001 urais wa Muungano ulikuwa umepokezanwa mara mbili, 1985 na 1995, pasipo mapinduzi.

Hata hivyo, haitoshi kusema kwamba katuni imepotosha, kwani majina ya mahali hubadilika kweli. Mpanda ni ushahidi. Iliwahi kuwa chini ya Tabora, kisha Rukwa, na tangu 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa wenye jina la mzimu unaoheshimiwa na wenyeji. Tanganyika, jina lililoachwa na dola, leo ni jina la wilaya mkoani humo. Na katika misitu ya wilaya hiyo wanaishi sokwe halisi. Uchimbaji nao ulikuwapo: reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi, yaliyochimbwa kwa jasho la watu.

Tofauti iko hapo. Katavi, kila jina lina mtoaji, sababu na mwaka. Katika katuni, majina hubadilika bila raia hata mmoja kuulizwa. Mwanafunzi wa Mpanda anayekitazama kipindi hicho hana haja ya kuchukia kicheko. Ana haja ya kutambua kwamba watunzi walilichukua neno "mtu", wakamwacha mtu mwenyewe.