Uchovu wa Huruma kwa Wauguzi
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Nashukuru kupewa nafasi ya kusema machache juu ya wenzetu wauguzi. Sisi makarani tukikosea hesabu, twaweza kufuta na kuandika tena. Muuguzi hana cha kufuta. Afumba macho ya maiti saa 4 asubuhi, na saa 4 na nusu yampasa kumchekea mtoto wa kitanda cha pili. Afanyapo hivyo miaka mingi, huja siku asikiapo kilio, na uchungu usimguse. Ndipo watu husema, "Yule ni mkali, hana huruma."

Ndugu zangu, mara nyingi neno hilo si la haki. Mwaka 1992 Carla Joinson, naye muuguzi wa Marekani, aliandika habari za hali hiyo, akaiita uchovu wa huruma. Huchoka hivyo aliyetoa huruma nyingi, si aliyeinyima.

Je, iko dawa? Mwaka 1979, katika chuo cha uganga cha Massachusetts, mjini Worcester, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya kuhudhurisha moyo, yaani kuuweka moyo pale pale mwili ulipo, bila kujihukumu. Asili yake ni mazoezi ya Kibudha. Yeye aliyatenga na dini, akawafunza wagonjwa wenye maumivu ya siku nyingi. Sasa mafunzo hayo huchukua majuma 8, na wauguzi nao hufundishwa.

Muuguzi anawapo mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, asiwaze kitanda atokako wala aendako. Ayasikie maji, avute pumzi tatu polepole, ajiulize, "Moyo wangu una nini?" Akiona huzuni, aitaje kwa jina lake, asiifukuze wala asiifuate. Kisha aende. Kunawa ni lazima kwake, basi hapotezi hata dakika moja ya serikali.

Lakini tusidanganyane. Pumzi tatu hazileti muuguzi wa pili. Penye kazi ya watu watatu kufanywa na mmoja, dawa ni kuongeza watu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, sisi tuandikao taarifa za kazi, tusimwandike muuguzi kuwa ni mkali kabla ya kumwuliza ni wagonjwa wangapi waliomfia mikononi juma hilo. Pili, chama kiwaombe wakubwa mafunzo haya yawe ndani ya saa za kazi, yasikatwe katika mapumziko yake.