Digrii Si Mkataba
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Voi



Leo nataka kusema habari ya vijana wetu wa Chuo Kikuu. Elimu yangu mimi ni ya shule ya msingi tu, lakini jambo hili limeingia nyumbani kwangu.

Hapa Voi tunacho Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati yake mwaka 2016. Wanaotoka huko na digrii, wengine ni wana wetu na wadogo zetu, waliosomeshwa kwa mkopo wa HELB na kwa mishahara ya reli.

Mdogo wangu alipomaliza masomo alikwenda kwa mwajiri mmoja, jina silitaji. Akaambiwa, “Anza kazi, tukuangalie.” Akafanya miezi minane. Hakuandikiwa barua, wala hakupewa kitu ila nauli. Alipouliza mshahara, akajibiwa kwamba wenye digrii wamejaa mlangoni. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Ndugu zangu, digrii peke yake haijampa mtu haki tangu zamani. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilipendekeza Mwafrika wa kazi ya Serikali alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu, hata akiwa na kisomo kile kile. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyoikataa kanuni ile.

Leo iko Sheria ya Kazi ya mwaka 2007. Shikeni haya:

Kwanza, kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni juu ya mwajiri.

Pili, majaribio yasipite miezi sita. Kuongeza mingine sita ni mpaka mfanya kazi akubali.

Tatu, kazi za thamani moja zilipwe sawa.

Nne, tangu mwaka 2022 mwajiri haruhusiwi kudai hati za kibali, kama ya polisi au ya HELB, kabla hajakusudia kumwajiri mtu.

Lakini sheria haina miguu. Wenye digrii hudhani chama ni cha watu wa mafuta na spana. Nasi twawaita mabwana wadogo. Anayefurahi ni mwajiri. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi kijana akiitwa kazini, alete barua yake kwa katibu, tuisome pamoja kabla hajatia sahihi. Kama hana barua, twende naye tukaiulizie.

Umoja ni nguvu.