Uhamisho wa Kwenda Unguja

(Hotuba hii ilitolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka. Tumeichapa kama alivyoisoma. – Mhariri)



Nilipoombwa niseme maneno machache juu ya maisha ya kazi, wazo langu la kwanza lilikuwa kuzungumzia nidhamu ya utumishi. Baadaye nikaona kwamba mambo hayo yamo vitabuni, na atakayeingia katika kazi ya Serikali atayasoma apende asipende. Afadhali basi niwaeleze jambo moja lililonipata mwenyewe, nalo ni uhamisho. Wengi wenu hapa mtahamishwa siku moja. Barua ya uhamisho ni fupi, lakini maana yake ni ndefu.

Nilikuwa nimefanya kazi Dar es Salaam tangu nilipotoka Chuo Kikuu, miaka 13 mfululizo. Desemba 2017 nikapewa barua ya aya mbili: niripoti katika ofisi yetu ya Zanzibar mwezi wa Januari. Wenzangu ofisini wakanipongeza. Wakasema, "Unakwenda kula pweza." Mimi pia nikacheka. Unguja ni mbali gani? Ni kilomita kama 70 tu za bahari, na boti ya mwendo kasi huchukua saa 2 hivi. Morogoro ni mbali zaidi. Nikajiona kama mtu anayehamia mtaa wa pili.

Naam, ni karibu kwa ramani. Sikuwa nimejua bado kwamba bahari haipimwi kwa kilomita.

Jambo la kwanza lilikuwa la nyumbani. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari. Mimi ni mtumishi wa Muungano, na kalamu ya mkubwa wangu inaweza kunipeleka upande wowote. Yeye sivyo. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Bara wana wizara yao na Zanzibar wana yao. Mwalimu wa Bara hawezi kuhamishiwa Unguja kama anavyohamishiwa Tanga au Mbeya. Ilibidi achague: abaki na kazi yake Dar es Salaam, au aiache anifuate. Tukakubaliana abaki kwanza na watoto wetu wawili. Mimi nikavuka peke yangu na masanduku mawili, godoro na feni.

Kila Ijumaa nilipoweza nilikimbilia boti ya mwisho ya alasiri, na Jumapili nikarudi. Wakati wa kaskazi bahari hutulia ukadhani unapanda basi la lami. Lakini kusi linapovuma, katikati ya mwaka, ni habari nyingine. Abiria hugawiwa mifuko, na baada ya nusu saa kila mtu anajua kwa nini. Niliona watu wakisoma dua kimyakimya boti inapong'oa nanga, na safari za kwanza nilitabasamu moyoni. Baadaye nikakumbuka meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit iliyozama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Katika mtaa niliohamia kulikuwa na watu waliozika jamaa zao kwa ajali hizo, na wengine hawakupata hata mwili wa kuzika. Sikutabasamu tena.

Nilipanga vyumba viwili Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene kama za boma. Ukuta mmoja wa chumbani ulikuwa unabanduka chokaa. Mimi, msomi wa Chuo Kikuu, sikumwuliza mtu. Nilinunua mfuko mmoja wa saruji, nikamwita kijana mmoja, tukaupiga lipu siku ya Jumamosi, kisha tukaupaka rangi ya mafuta. Ukapendeza sana. Masika yalipofika ukuta ulianza kutoka malengelenge. Rangi ikavimba, chumvi nyeupe ikajitokeza, na usiku mmoja bonge la lipu likaanguka karibu na mto wangu wa kulalia.

Mkabala na mlango wangu palikuwa na baraza, yaani lile benchi la mawe lililojengewa ukutani. Kila jioni wazee walikaa hapo wakinywa kahawa. Mmoja wao alikuwa fundi wa chokaa maisha yake yote. Mimi nilipita mbele yao kila siku, simu sikioni, nikisema "habari zenu" bila kungoja jibu. Nilidhani ni watu wasio na kazi. Mtu wa Dar es Salaam akisimama njiani huona anaibiwa wakati.

Kulikuwa na jambo la lugha pia, nanyi wanafunzi mtalipenda. Mimi hapa shuleni nilikuwa nikipata alama nzuri za Kiswahili. Siku ya kwanza sokoni Darajani niliomba nyanya na viazi. Muuzaji akaniangalia, akacheka, akasema, "Tungule na mbatata, baba." Mkate nikaambiwa ni boflo. Shule ni skuli, na bweni ni dakhalia. Nikataka kumsahihisha! Kisha nikakumbuka tulivyofundishwa na mwalimu wetu kwamba Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, na kwamba kamati ya kukisanifisha ilianza kazi mwaka 1930. Nilikuwa nimesimama kisimani nikibishana na wenyeji juu ya ladha ya maji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Agosti 2018, siku ya Jumamosi, sikuvuka, kwa kuwa kulikuwa na kazi ofisini. Jioni, adhana ya magharibi inalia, simu ikaita kutoka Iringa. Baba yangu amefariki. Alikuwa hakuugua, alikaa kitini baada ya chakula na hakuinuka.

Nikatazama saa. Boti ya mwisho imekwenda. Niliyempigia kuuliza ndege akanijibu kwamba nafasi hakuna mpaka kesho. Ndugu zangu, mtu aliye Mwanza akipata msiba wa Iringa huweza kupanda hata lori la mizigo usiku uleule, akajiona yumo njiani. Mimi nilikuwa karibu kuliko wa Mwanza, lakini mbele yangu palikuwa na maji. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kungoja kuche. Nikatoka nje, nikakaa kizingitini, nikainamisha kichwa.

Yule mzee fundi chokaa alikuwa anatoka msikitini. Akasimama mbele yangu.

"Mwanangu, kuna nini?"

Nikamwambia. Hakusema mengi. Alinishika bega, akaingia nyumbani kwake, akatoka na mkeka. Haukupita muda mrefu, mtaa mzima ukawa umekuja. Watu ambao sikujua hata majina yao walikaa nami chini mpaka usiku wa manane. Walijua kwamba mimi ni Mkristo, ninayesali pale Minara Miwili. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Kina mama walileta chai na boflo, wakanilazimisha nile. Alfajiri vijana wawili walinibebea begi mpaka bandarini. Kabla sijaingia ndani, mmoja alinipa bahasha. Ndani yake mlikuwa na fedha, noti ndogondogo na sarafu zilizofungwa katika karatasi ya gazeti. Walizichanga usiku ule pale barazani. Nilikaa nyuma katika boti ile nikalia. Namlilia baba, na nusu ya machozi ilikuwa aibu.

Mke wangu na watoto walinipokea Dar es Salaam tukaenda pamoja. Tuliwahi kumzika Mzee.

Niliporudi Unguja, sikwenda kwanza ofisini. Nilikwenda barazani kushukuru. Baada ya salamu na pole, mazungumzo yakaingia kwenye mambo ya kawaida, nami nikautaja ukuta wangu. Mzee akacheka.

"Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa," akasema. "Unavuta unyevunyevu na kuutoa, kama mtu anavyopumua. Wewe umeuziba kwa saruji, kisha ukaupaka mafuta. Unyevu umekosa pa kutokea, ukaisukuma lipu yako."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, ulituona siku ile tukiteremsha saruji. Mbona hukunikataza?"

Akanijibu kwa upole kabisa, "Tungekwambiaje, mwanangu? Ulikuwa hujatusalimu."

Ndugu Mwenyekiti, nimehudhuria semina nyingi za utumishi wa umma, na nina vyeti vyake. Sijapata katika semina hata moja sentensi ya kunifaa kuliko hiyo. Miezi saba nilikaa mbele ya mtu mwenye elimu niliyoihitaji, nikapita na simu yangu. Na mtu huyohuyo hakungoja nimsalimu ili anizike baba yangu pamoja nami. Tuliibomoa ile lipu, tukaomba ruhusa inavyopasa, maana Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000 na ukuta wake haufanyiwi mtu apendavyo. Mzee akasimamia kazi, tukapaka chokaa. Ukuta huo ni mzima mpaka leo.

Msidhani kwamba baada ya hapo yote yalikwenda sawa. Machi 2019, baada ya miezi 14 ya kuvuka na kurudi, mke wangu aliacha kazi ya Serikali akanifuata. Alipata kufundisha katika skuli ya binafsi kwa mshahara mdogo kuliko wa awali. Huwa hanung'uniki. Lakini nasema mbele yenu, kwa kuwa hapa ni nyumbani: sina hakika kama nilimtendea haki. Uhamisho wangu niliandikiwa mimi, gharama yake akalipa yeye. Ninyi vijana mtakaooa wenye kazi zao, lizungumzeni jambo hili mapema, wala msidhani ni dogo kwa sababu barua imetoka Serikalini.

Tuliyoyapata pia ni mengi. Watoto wangu wanajua kuogelea na wanajua majina ya samaki ambao mimi niliwaita wote "samaki". Jirani hupiga hodi umeme ukikatika. Wenyeji hawajasahau kwamba umeme wao hupita chini ya bahari kutoka Bara, na kwamba kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani, pampu za maji zikasimama. Ndiyo maana hata sasa kila nyumba mtaani kwetu ina mapipa yaliyojaa maji. Tulikuwapo pia siku ya Krismasi ya mwaka 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka ikaua watu. Nilimkuta yule mzee amesimama mbali akiutazama ule mrundo wa mawe. Hatukusemezana. Nilisimama naye tu, maana mara hii nilijua namna ya kusimama.

Nimalizie kwa maneno matatu kwa wanafunzi.

Kwanza, ukifika ugenini, nenda kwa sheha au kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa majirani, kabla hujafungua masanduku. Cheo chako hakijulikani pale, na salamu yako ndiyo cheti chako cha kwanza.

Pili, uliza kabla ya kutengeneza. Kitu unachokiona kibovu huenda kina sababu yake.

Tatu, msimcheke mgeni. Hili nalisema kwa uchungu. Tulipokuwa Kidato cha Tano hapa hapa, bwenini kwetu alikuwapo kijana wa Unguja. Alisema "skuli", nasi tukamwiga mpaka akawa anazungumza kidogo tu. Mimi nilikuwa hodari wa kumwiga. Miaka ishirini baadaye nilikaa katika mji wao, wazee wao wakanichangia sarafu katika gazeti. Nimemwuliza kila ninayedhani anaweza kumjua, sijampata bado. Gazeti letu hili hufika mbali. Kama atalisoma, ajue kwamba naomba radhi, na kwamba baraza la Malindi analijua kila mtu. Anikute hapo jioni yoyote baada ya alasiri. Kahawa nitalipa mimi.

Wahenga walisema, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Nilikuwa nikiandika methali hiyo katika insha hapa shuleni na kupewa alama. Maana yake nilikwenda kuipata ng'ambo ya maji.