Kuwinda kwa Upinde Huko Florida

Twawaeleza habari za kuwinda kwa upinde huko Florida, Marekani, pamoja na wanetu. Hernando de Soto, Mhispania, alifika huko na nguruwe mwaka 1539. Nguruwe-mwitu wa leo hufukua mashamba, na kuwanyang'anya kulungu matunda ya mialoni.

Jioni mwanetu alimpiga nguruwe dume mshale, akatokomea kichakani. Kijana akataka kumfuata mbio. Tukamshika mkono. Mshale huua kwa kumwaga damu. Nguruwe akifukuzwa mapema hukimbia mbali, au hugeuka na meno yake. Tuliketi nusu saa, kisha tukafuata matone, tukamkuta amekwisha kufa.

Basi, kabla ya kumpa kijana upinde, mfundisheni kungoja.