KITI CHA BUNGE NI CHA NANI?

Hotuba iliyotolewa na mfanyakazi wa reli katika mkutano wa wanachama, Changamwe



Kamati imenitaka niseme maneno machache juu ya jambo ambalo twaliona mara kwa mara katika nchi yetu, nalo ni hili: mtu mkubwa kutoka Bungeni, na watu kuitwa tena wapige kura kujaza nafasi yake. Wengi wetu tukisikia habari za uchaguzi mdogo husema, "Hayo ni ya wanasiasa, sisi yetu ni mshahara." Nataka kuwaonyesha ya kwamba hayo ni yetu hasa, tena yanafika mpaka ndani ya chama chetu hiki.

Kiti cha Mbunge huwa wazi kwa njia nyingi. Njia ya kwanza ni mauti. Watu wa Kisauni wanakumbuka mwezi wa Agosti 2004 alipofariki Mbunge wao, marehemu Karisa Maitha, aliyekuwa Waziri wa Utalii, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule wakamchagua Bwana Anania Mwaboza. Njia nyingine ni kupewa kazi isiyoweza kuchanganywa na Ubunge. Mbunge wa Malindi, Bwana Dan Kazungu, alipofanywa Waziri ilimbidi aache kiti, na watu wa Malindi wakapiga kura mwezi wa Machi 2016. Katika mambo hayo hapana ugomvi mkubwa. Aliyekufa hatumlaumu, na aliyepewa kazi nyingine hawezi kushika kazi mbili.

Lakini iko njia ya tatu, nayo ndiyo yenye mafunzo. Ni pale Mbunge anapokihama chama kilichomsimamisha. Je, aondoke na kiti chake, au akiache? Ili tupate jibu yafaa turudi mwaka 1966.

Mzee Oginga Odinga alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Jamhuri yetu, na katika KANU alikuwa makamu wa rais wa chama. Mwezi wa Machi 1966 KANU ilifanya mkutano wake Limuru. Pale cheo kile kimoja cha makamu katika chama kikavunjwa, vikawekwa vyeo vinane, kila jimbo na chake, na Nairobi na chake. Kwa Pwani akachaguliwa Bwana Ronald Ngala. Mzee Odinga akaona ya kwamba amesukumwa nje ya mlango. Tarehe 14 Aprili 1966 akajiuzulu umakamu wa Rais, akatoka KANU, na Wabunge na Maseneta kadhaa wakamfuata katika chama kipya, Kenya People's Union, yaani KPU.

Ndugu zangu, tazameni sasa mwendo wa Serikali. Tarehe 28 Aprili, yaani majuma mawili tu baadaye, Katiba ilikuwa imekwisha kubadilishwa. Sheria mpya ikasema kwamba Mbunge aliyechaguliwa kwa jina la chama fulani, akikitoka chama hicho, lazima aache kiti arudi kwa wapiga kura. Sisi hapa tukipeleka ombi la nyongeza ya posho, barua husafiri miezi kutoka meza hii mpaka meza ile. Lakini Katiba ya nchi ilibadilishwa kwa majuma mawili! Baadhi ya wale waliomfuata Mzee Odinga waliposikia kwamba watarudishwa kwa wananchi, wakageuka upesi kutaka kurudi KANU.

Basi mwezi wa Juni 1966 ukafanywa uchaguzi uliopata jina la Uchaguzi Mkuu Mdogo. Viti vilikuwa 29, katika Baraza la Wabunge 19 na katika Seneti 10. KANU ikashinda viti 20, KPU ikapata 9. Mzee Odinga mwenyewe alirudi Bungeni kutoka Bondo kwa kura nyingi. Lakini Bwana Achieng' Oneko, aliyekuwa Waziri wa Habari, alishindwa Nakuru, na Bwana Bildad Kaggia alishindwa Kandara. Tena ukijumlisha kura zote za nchi, KPU ilipata kura nyingi kuliko KANU, ila zilikuwa zimerundikana mahali pachache. Kura elfu nyingi za mahali pamoja huleta kiti kimoja tu.

Mtaniuliza: je, sheria ile ilikuwa nzuri au mbaya? Nami nasema, yatupasa tupime mambo mawili mbalimbali. Tupime maneno ya sheria, kisha tupime nia ya walioitunga.

Kwa maneno yake, sheria ile ilisema kweli. Dereva wa gari moshi akifika mwisho wa zamu yake hushuka na kumkabidhi mwenzake injini. Hawezi kuipeleka kwao kwa kuwa alikuwa ameishika usukani tangu asubuhi. Na Mbunge vivyo hivyo. Watu walimpa kiti wakijua anakwenda Bungeni na bendera fulani na ahadi fulani. Akiona bendera ile haimfai tena, ana haki ya kuibadili, kwa maana mtu hafungwi kamba katika mawazo yake. Lakini lazima awarudie waliomtuma awaambie, "Nimebadili njia kwa sababu hii na hii. Bado mwanitaka?" Wakimtaka watamrudisha.

Kwa nia yake, sheria ile haikutungwa kwa ajili ya wapiga kura. Kumbukeni yaliyotokea kabla yake. Baada ya Uhuru Wabunge wengi wa KADU walivuka kwenda KANU mmoja mmoja, na mwezi wa Novemba 1964 KADU yote ikavunjwa, na kiongozi wake, Bwana Ngala, akaingia KANU pamoja na watu wake. Hapa Pwani watu wengi walikuwa wameipa KADU kura zao mwaka 1963. Je, waliitwa wakaulizwa kama wakubali? Hawakuulizwa. Waliovuka kwenda upande wa Serikali walipigiwa makofi, na waliovuka kwenda upande wa pili walitungiwa sheria. Mizani ni ile ile, lakini mawe ya kupimia yamebadilishwa.

Na uchaguzi wenyewe haukuwa wa haki sawa. KPU ilikuwa ikinyimwa ruhusa ya kufanya mikutano. Mwezi ule ule wa Juni 1966 ikapitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka kortini, na hazikupita siku nyingi ikaanza kutumika. Miongoni mwa waliokamatwa mwaka ule walikuwamo viongozi wa wafanyakazi, kama Bwana Ochola Mak'Anyengo wa chama cha wafanyakazi wa mafuta. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa. Mwezi wa Oktoba 1969 KPU ikapigwa marufuku, na Mzee Odinga akawekwa kizuizini mpaka mwaka 1971. Basi ile sheria iliyosema "mrudieni mwananchi" ilifuatwa na nyingine zilizomwambia mwananchi, "Huna wa kumchagua."

Hapa ndipo mfanyakazi anapoingia, ndugu zangu. Mabwana wawili wakubwa wa kisa hiki walitoka katika vyama vya wafanyakazi. Bwana Kaggia alikuwa kiongozi wa chama cha makarani kabla ya kutiwa gerezani na wakoloni. Bwana Tom Mboya, katibu mkuu wa KANU aliyeongoza vita vya kura dhidi ya KPU, alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Kenya. Na mwaka 1965, kabla hata ya mkutano wa Limuru, Serikali ilikuwa imekwisha kuvunja mashirikisho yetu yaliyokuwa yakigombana, ikaweka moja, yaani COTU. Kila upande uliwataka wafanyakazi, na kila upande ulisema unawasemea. Kumbe ng'ombe wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Wako wafanyakazi waliopoteza viongozi wao, na madai yao ya mshahara yakabaki mezani bila wa kuyasukuma.

Tena yako ya kujifunza katika kushindwa kwa Bwana Kaggia. Huyu aliwatetea watu wasio na ardhi, akaondolewa katika cheo cha Waziri Mdogo mwaka 1964. Mwaka uliofuata alisimangwa hadharani kwa kuwa hakujitajirisha kama wenzake waliofungwa pamoja naye. Ndugu, hebu fikirini. Mtu aliyewekwa kuwalinda wengi analaumiwa kwa kutojilimbikizia! Hata leo, mgombea akija kwetu na magari kumi, twasema huyu ni mtu. Akija na viatu vya vumbi, twasema huyu atatupa nini? Kipimo hicho tulifundishwa, nasi tumekishika mpaka sasa.

Wengine hunena kwamba uchaguzi mdogo ni hasara, fedha ya bure. Kweli, unagharimu fedha. Lakini Mbunge akiweza kujiuza upande wowote bila kuulizwa, gharama yake ni kubwa zaidi, nasi hatuletewi risiti. Bwana Raila Odinga, mwana wa Mzee, alipotoka FORD-Kenya kwenda NDP, aliacha kiti cha Lang'ata akawarudia wapiga kura, nao wakamrudisha mwaka 1997. Hivyo ndivyo inavyopasa, na kazi ya siku moja ikamaliza maneno ya mwaka.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imeishika kanuni ile. Kifungu cha 103 chasema Mbunge aliyechaguliwa kwa chama akijiuzulu chama chake, kiti huwa wazi. Kifungu cha 101 chamwamuru Spika atoe taarifa kwa Tume ya Uchaguzi katika siku 21, na kura zipigwe katika siku 90 tangu kiti kuwa wazi, isipokuwa uchaguzi mkuu ukiwa umekaribia kwa miezi mitatu. Shikeni hesabu hizo. Siku 90 zikipita, nanyi hamjaitwa, mnayo haki ya kuuliza kwa nini.

Lakini tuangalie hatari moja. Sheria hiyo hiyo mkononi mwa wakubwa wa chama yaweza kuwa fimbo. Mbunge akiogopa kuambiwa kwamba amejitoa chamani kwa kuwa alisema kweli Bungeni, atanyamaza. Anayetoka kwa miguu yake arudi kwetu. Lakini anayesukumwa nje kwa kututetea, sisi ndio yatupasa tusimame naye.

Sasa nimalizie kwa mambo matatu ya kufanya.

La kwanza, jiandikisheni, na siku ya uchaguzi mdogo mwende. Wapiga kura huwa wachache siku hiyo, kwa hiyo kila kura ina uzito zaidi. Mwenye zamu ya usiku apumzike kidogo, kisha aende. Asiseme, "Wataenda wengine."

La pili, mgombea akija msimwulize ameleta unga kilo ngapi. Mwulizeni: kibarua anayeandikwa miezi mitatu, akaachishwa, akaandikwa tena, utamtetea namna gani? Kivuko cha Likoni na maji ya Kisauni utayasemea wapi? Na kama ukitaka kuhama chama, utarudi kutuuliza? Majibu yake yaandikwe, na wengi wayashuhudie.

La tatu, na hili ni la humu ndani. Kanuni tunayowadai Wabunge tuitimize sisi wenyewe. Karani wa tawi au mjumbe wa kamati akitaka kukiacha chama chetu ajiunge na kingine, asiondoke na muhuri, vitabu na orodha ya wanachama. Aitishe mkutano, aseme sababu zake, akabidhi, na wanachama wachague. Na sisi kwa upande wetu tusimfukuze mtu ofisini kwa kuwa alimwuliza mweka hazina habari za michango. Napendekeza, Ndugu Mwenyekiti, jambo hili liandikwe katika kanuni za tawi letu katika mkutano ujao, tupige kura juu yake sasa wakati hapana ugomvi. Maana sheria iliyotungwa siku ya ugomvi, kama tulivyoona mwaka 1966, humtazama mtu mmoja, nayo huja ikawaumiza wengi.

 Mwenye swali na aulize.