Ini Lenye Mafuta na Moyo Wako

Wengi wetu hapa Garsen, Minjila, Ngao na kote ukingoni mwa Mto Tana hatugusi pombe, basi tukisikia ugonjwa wa ini twadhani hautuhusu. Watuhusu. Ini hujaa mafuta pia kwa sababu ya kitambi, kisukari, na sukari nyingi tunayokula na kunywa. Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, huo tayari ni ugonjwa, na mara nyingi hauumi.

Linalowashangaza watu ni kwamba wagonjwa hawa huuawa zaidi na maradhi ya moyo kuliko ini lenyewe. Ini lililolemewa humwaga sukari na mafuta mengi kwenye damu. Mafuta hayo hujikusanya kwenye kuta za mishipa, njia ikawa nyembamba, hata siku moja damu ikashindwa kuufikia moyo.

Kwa hiyo ukiambiwa ini lina mafuta, usiulizie dawa ya ini peke yake. Omba upimwe presha, sukari na mafuta ya damu. Mnene wa kilo 80 akipunguza kilo 6 polepole, ini hupata nafuu. Anza na chai: vijiko vinne vya sukari kikombe kimoja ni vingi, hata kama mgeni atakuona mchoyo. Soda ya kushushia miraa nayo ni sukari tupu. Na wewe uliyeacha kuchunga ng'ombe ukafungua duka, tembea nusu saa kila siku.

Kifua kikikubana, maumivu yakashuka mkononi, jasho likakutoka, usingoje asubuhi. Nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.