Kumtazama Mnyama Kwake

Mazungumzo yetu ya leo yahusu safari ya kwenda kuwatazama wanyama wa porini mahali wanapokaa, na faida aipatayo mtu katika safari hiyo. Hatuneni faida ya fedha, wala ya picha za kuwaonyesha majirani. Twanena faida ya akili na tabia. Na ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutachukua mnyama mmoja na mahali pamoja: mnyama ni fisi, na mahali ni Ngorongoro.

Kwanza mahali penyewe. Ngorongoro iko kaskazini ya Tanzania. Hapo kale palikuwa na mlima mkubwa wa moto. Mlima ule ulipokwisha kutapika moto wake, kilele kiliporomoka kwa ndani, pakabaki shimo kubwa mfano wa bakuli, nalo ndilo liitwalo kreta. Kuta zake zina urefu wa mita 600 hivi, na sakafu yake yapata kilomita za mraba 260. Humo mna majani mengi, chemchemi, ziwa la magadi na msitu mdogo. Na humo hukaa nyumbu, punda milia, nyati, tembo, simba na fisi.

Sasa tumtazame fisi. Katika nchi zetu ni nadra kumkuta mtoto asiyemjua kwa hadithi. Katika hadithi yeye ni mlafi na mpumbavu, adanganywaye na sungura kila siku. Wengine husema kwamba wachawi humpanda usiku. Wengine husema kwamba kila fisi ni dume na jike pamoja. Jambo hili si kweli. Dume ni dume na jike ni jike, ila kwa macho ni vigumu kuwapambanua. Na karibu watu wote husema kwamba fisi hawindi, bali huishi kwa makombo ya simba.

Mtu aingiaye kreta asubuhi aweza kudhani amepata ushahidi wa neno hilo. Humwona simba yuko juu ya nyumbu aliyekufa, akila, na fisi wamekaa kando wakingoja. Basi husema, “Simba kawinda, fisi wasubiri mabaki.” Kisha huondoka, ameridhika.

Lakini katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja wa wanyama, Hans Kruuk, mzaliwa wa Uholanzi, alikaa Serengeti na Ngorongoro akiwachunguza fisi, wala hakutosheka na mambo ya asubuhi. Aliwafuata usiku kwa motokaa, akitumia mwanga wa mbalamwezi. Aliona fisi wakitoka kwa makundi, wakimkimbiza nyumbu au punda milia hata wakamwangusha. Kelele zao za kula zilifika masikioni mwa simba. Simba wakaja, wakawafukuza, wakaitwaa nyama. Kulipokucha, mwenye mali alikuwa amekaa kando, na mnyang'anyi alikuwa mezani! Habari hizo alizitia katika kitabu kilichotoka mwaka 1972. Si kwamba simba hawindi, la; wala si kwamba fisi hali mizoga, maana hula. Pengine fisi naye humnyang'anya simba. Lakini huko kreta, chakula kingi cha fisi ni kile alichokiwinda mwenyewe.

Tangu mwaka 1996 wataalamu wengine wamekuwa wakizifuatia koo nane za fisi wakaao katika sakafu ya kreta. Humtambua kila mmoja kwa madoa yake, kama vile mwalimu amjuavyo kila mtoto kwa uso. Imeonekana kwamba majike ni wakubwa kuliko madume, na ndio watawalao. Na cheo cha mama hurithiwa na watoto wake. Mama huwanyonyesha watoto muda wa mwaka na zaidi. Hayo yote yasingalijulikana kwa kumtazama fisi mmoja aliyefungwa katika tundu la chuma mjini. Ukoo, mpaka, cheo na mawindo huonekana kwao tu.

Je, sisi twapata nini? Tulipowapeleka huko wanafunzi wetu, ambao watakuwa walimu, saa ya kwanza ilikuwa ya makelele. Kila mmoja alitaka simba, na upesi. Hata tulipofika karibu na shimo la fisi, tuliagiza motokaa izimwe, midomo ifungwe, na kila mtu aandike katika daftari lake aliyoyaona tu, si aliyoyasikia. Mmoja aliandika, “Fisi ni mnyama mbaya.” Tulimwuliza, “Ubaya huo umeuona wapi?” Alikaa kimya, akafuta. Baada ya nusu saa alikuwa ameandika hivi: “Fisi jike amelala. Watoto wawili weusi wananyonya. Mmoja anamsukuma mwenziwe. Mama ameinua kichwa, amesikiliza, amelala tena.” Maneno hayo ni machache, lakini ni yake mwenyewe na ni ya kweli.

Mwingine, mtoto wa wafugaji, alituambia, “Mwalimu, fisi walikula mbuzi saba wa baba yangu. Je, nimpende?” Swali hilo lilistahili jibu la heshima, maana hasara ya mbuzi saba si mchezo. Tulimjibu kwamba hakulazimishwa kumpenda. Lakini amjuaye fisi, kwamba huja usiku, kwamba huja na wenziwe, na kwamba husikia mbali, ndiye ajuaye kujenga boma la miiba lisilo na pengo, na kutowaacha mbuzi nje jua likichwa. Asiyemjua humlaani tu, na kesho hupoteza mbuzi wa nane.

Jioni tulizungumza juu ya shule. Mwalimu mpya afikapo shuleni, huambiwa, “Yule mtoto ni mvivu, na yule ni mwizi.” Kisha siku ya kwanza humwona yule wa kwanza amesinzia, akasema, “Kweli.” Hakuuliza mtoto aliamka saa ngapi kuteka maji, wala alitembea maili ngapi bila kula. Ameona asubuhi, hakuuona usiku. Wanafunzi wetu walielewa mara moja, na baadhi yao waliinamisha vichwa, kwani wao wenyewe waliwahi kuitwa majina ya namna hiyo.

Kwa hiyo, mkipata nafasi ya kwenda, nendeni. Raia wa nchi hutozwa ada ndogo kuliko wageni watokao ng'ambo, na shule zaweza kuchanga pamoja. Mkifika, kaeni ndani ya motokaa, msiwape wanyama chakula, msiwapigie kelele ili wainuke. Chagueni mnyama mmoja, mkae naye saa nzima, kuliko kuwakimbilia ishirini. Ninyi ni wageni na wao ndio wenyeji.

Na asiye na nauli asihuzunike. Karibu na nyumba yake pana kichuguu, pana mti wenye viota vya mnana, pana mjusi ukutani. Achukue daftari, aketi kimya, aandike aliyoyaona. Kesho arudi saa nyingine, na kesho kutwa saa nyingine tena, kabla hajasema neno, “Namjua.”